Futi, kilo au uniti? Ninavyosoma na kugeuza vipimo vya gesi asilia

Kila siku saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya chai, naingia kwenye kibanda cha mita nyuma ya chumba cha boila na kuandika namba tatu kwenye kaunta buku: mita imefika ngapi, geji ya presha inasoma ngapi, gesi ina joto kiasi gani. Nimefanya hivyo tangu kiwanda chetu kilipoachana na mafuta mazito tukaungwa kwenye bomba la gesi, hapa kwenye viwanda vya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam. Kaunta buku ya sasa ni ya kumi na moja. Ndani ya jalada la kila moja huwa nanakili namba zilezile kwa kalamu nyekundu, na siku hizi kila mwenye shida ya vipimo vya gesi anaulizia hilo jalada.

Wenye shida ni wengi. Mpwa wangu anaendesha IST ya abiria, ameifunga mtungi wa gesi, na yeye anajua kilo tu. Kijana wa uhasibu anapokea ankara yenye MMBtu, kipimo cha joto. Dada yangu aliyeko Uingereza ananitumia kwa WhatsApp picha ya bili iliyojaa kilowati-saa. Jioni taarifa ya habari inasema mtambo wa Madimba una uwezo wa kusafisha futi za ujazo milioni 210 kwa siku. Gesi ni moja, lakini kila mtu anaitaja kwa kipimo chake, na wakikutana hawaelewani.

Mimi si mhandisi. Ni fundi wa boila, na haya ni mambo niliyoyajua kwa kukosea.

Anza na gunia la lumbesa

Kosa la kwanza la karibu kila mtu ni kushika kikokotoo kabla hajajua anapima nini. Mkulima wa viazi hahitaji kufundishwa jambo hili. Gunia la kawaida ni gunia moja, na gunia la lumbesa nalo mchuuzi anasema ni gunia moja, ingawa limeshindiliwa mpaka likashonewa kilemba juu. Ndiyo maana wakulima wanalalamika miaka yote wapimiwe kwa kilo.

Mita ya ujazo ya gesi ni gunia. Inakuambia ukubwa wa chombo, haikuambii umeshindilia nini ndani. Gesi ikibanwa, nyingi zaidi inaingia mle mle. Ikipata joto inatanuka, na iliyobaki mle ndani inakuwa chache. Kwa hiyo kabla ya hesabu yoyote jiulize namba uliyonayo ni ya nini kati ya vitu vitatu. Kuna ujazo, yaani mita za ujazo na futi za ujazo. Kuna uzito, yaani kilo na tani. Na kuna joto litakalotoka gesi ikiungua: joule, kilowati-saa, Btu, therm. Ujazo unabadilika ovyo. Uzito haubadiliki. Joto ndilo unalolinunua hasa, maana hakuna anayepika wali kwa ujazo.

Kugeuza ndani ya kundi moja ni kuzidisha tu. Kuvuka kutoka kundi moja kwenda jingine kunataka uijue gesi yenyewe. Ya kwetu, inayotoka Songo Songo na Mnazi Bay, ni kavu na safi, zaidi ya asilimia 95 ni methani, kwa hiyo namba za jalada langu zinaifaa. Hizi hapa:

Mita 1 ya ujazo = futi za ujazo 35.3
Mita 1 ya ujazo = kilo 0.7 hivi
Mita 1 ya ujazo = megajoule 38 = kilowati-saa 10.5
Kilo 1 = mita za ujazo 1.4 = karibu futi 50
Futi za ujazo 1,000 = MMBtu 1 na ushee (mimi natumia 1.02)
MMBtu 1 = gigajoule 1.055 = kilowati-saa 293
Therm 1 = Btu 100,000 = kilowati-saa 29.3

Kilowati-saa isikutishe. Ni uniti ile ile ya LUKU unayoingiza kwenye mita ya umeme nyumbani. Mita moja ya ujazo ya gesi ina joto la uniti 10 na nusu. Btu nayo ni kipimo cha Kiingereza cha zamani: joto la kupandisha ratili moja ya maji kwa nyuzi moja ya Farenhaiti. Washa njiti ya kiberiti uiache iungue mpaka mwisho, umepata kama Btu moja. Ni kidogo sana, ndiyo maana hakuna anayeihesabu mojamoja, watu wanaihesabu kwa milioni. Na hapo ndipo mimi niliumbuka.

M ya Kirumi

Miaka ya mwanzo niliandika kwenye ripoti ya siku: "Matumizi MCF 132." Kijana wa uhasibu aliyekuwepo wakati huo alikuwa amezoea megawati na megabaiti, akajua M ni milioni. Akapeleka kwa bosi makadirio ya futi milioni 132 kwa siku. Kiwanda chetu kinachemsha maji, hakiwashi jiji. Niliitwa ofisini nikiwa na ovaroli yangu yenye masizi, na sikuweza kujieleza kwa sababu hata mimi nilikuwa nimenakili tu bila kujua M hiyo imetoka wapi.

Imetoka kwenye namba za Kirumi, zile tulizofundishwa shule ya msingi: I, V, X, L, C, D, M. Watu wa gesi wa Marekani walizichukua zilivyo. C ni mia, kwa hiyo Ccf ni futi mia moja. M ni elfu, kwa hiyo Mcf ni futi elfu moja. MM ni elfu mara elfu, yaani milioni: MMcf ni futi milioni, MMBtu ni Btu milioni. Ukifika bilioni na trilioni wanaacha Urumi, wanaandika Bcf na Tcf. Ukiona herufi s imechomekwa katikati, kama MMscf, maana yake futi hizo zimehesabiwa katika hali ya kawaida iliyokubaliwa, nitaifikia. Ukiona d mwishoni, ni kwa siku.

Upande wa pili, kwenye megajoule na megawati, M moja ni milioni. Kwa hiyo MJ ina M ya milioni na Mcf ina M ya elfu, na zote mbili zinaweza kukaa kwenye karatasi moja. Dawa yangu ni rahisi: kwenye ripoti siandiki tena herufi. Naandika "futi elfu" au "futi milioni" kwa kirefu.

Presha na joto, hapa usiwe na haraka

Mita yetu inahesabu ujazo unaopita humo kwa presha iliyopo humo. Gesi inatufikia ikiwa imebanwa, kwa hiyo kila "mita moja" inayopita pale ni lumbesa. Ili wewe na anayekuuzia msigombane, mnakubaliana hali moja ya kuhesabia, kama vile kukubaliana gunia litakatwa mdomo usawa wa mshono. Kuna hali tatu utakazokutana nazo sana. Watu wa futi wanatumia nyuzi 60 za Farenhaiti, ambazo ni nyuzijoto 15.6, kwa presha ya kawaida ya hewa. Wengi wa mita za ujazo wanatumia nyuzijoto 15. Na wengine, hasa vitabu vya mashine kutoka Ulaya, wanatumia nyuzijoto sifuri na kuiandika Nm³. Ile ya 15 na ile ya 15.6 zinakaribiana mno, huna haja ya kuumia kichwa. Ile ya sifuri ni habari nyingine: Nm³ moja ni sawa na mita za ujazo 1.055 za nyuzijoto 15. Kila ukiona herufi N mbele ya m³, simama.

Sasa hesabu yenyewe. Tuseme jana mita ilitembea 1,000, geji ikasoma bar 3, na kipimajoto kikaonyesha nyuzijoto 32.

Geji inasema bar 3, lakini presha kamili siyo 3. Fikiria tairi ya pancha: geji inasoma sifuri ingawa ndani kuna hewa ileile inayotuzunguka. Geji inahesabu kilichozidi hewa ya nje tu. Hewa ya nje ni bar 1.013, hivyo presha kamili ni 3 + 1.013 = 4.013. Gawa kwa 1.013, unapata 3.96. Maana yake kila gunia limeshindiliwa karibu mara nne.

Joto nalo lazima lihesabiwe kutoka sifuri ya kweli, ile ya Kelvin, ambayo iko nyuzi 273 chini ya barafu. Nyuzijoto 32 zinakuwa 305. Nyuzijoto 15 zinakuwa 288. Gawa 288 kwa 305: 0.944. Gesi yetu ina joto kuliko makubaliano, imetanuka, kwa hiyo tunapunguza.

Zidisha yote: 1,000 × 3.96 × 0.944 = 3,740 kwa kukadiria. Hizo ndizo mita za ujazo za kulipia. Zile 1,000 za kwenye mita ni magunia tu.

Siku hizi juu ya mita yetu kuna kifaa cha kielektroniki, sisi tunakiita korekta, kinachofanya hesabu hiyo chenyewe mchana na usiku. Kinaonyesha namba mbili, moja kabla ya kusahihisha na moja baada ya kusahihisha, na wageni wengi wanasoma isiyo sahihi. Namba ndogo ndiyo ya magunia. Kifaa hicho pia kinarekebisha tabia moja ya gesi ambayo mimi nimeiacha: gesi ikibanwa sana haifuati hesabu ya moja kwa moja. Kwa bar 3 tofauti yake haifiki asilimia moja. Kwa bar 200 ni kubwa, kama mpwa wangu alivyokuja kugundua.

Tuendelee na zile 3,740. Mara 35.3 ni futi 132,000, yaani zile 132 za futi elfu zilizonipeleka ofisini. Mara 1.02 kwa kila elfu, ni MMBtu 134.6. Mara 1.055, ni gigajoule 142. Ukitaka uniti za LUKU, zidisha 134.6 kwa 293: uniti 39,400 za joto. Kagua kwa njia ya mkato: 3,740 mara megajoule 38 ni megajoule 142,120, na megajoule elfu moja ni gigajoule moja. Zimekutana, hesabu imekaa.

Joto lote na joto linalobaki

Hili nalisema kwa ufupi kwa sababu linawahusu zaidi wenye boila na majenereta. Methani ikiungua inazaa maji, na maji hayo yanatoka kwenye dohani kama mvuke, yamebeba joto lake. Anayekuuzia gesi kwa kawaida anahesabu joto lote, hata lile la mvuke. Anayekuuzia injini anahesabu lililobaki baada ya mvuke kwenda zake. Tofauti ni kama asilimia 10: kilo moja ya gesi ina megajoule 54 kwa hesabu ya kwanza na karibu 49 kwa ya pili. Fundi mmoja aliwahi kuapa kwamba boila lake lina ufanisi wa asilimia 98. Alikuwa anagawa joto la mvuke wa boila lake kwa namba ya mwenye injini, ile ndogo.

Mpwa wangu na mtungi wa lita 60

Alikuja Jumapili amekasirika. "Mjomba, nimeibiwa. Mtungi wangu ni lita 60, fundi aliniambia unaingia kilo 10. Jana saa nane mchana nimepanga foleni saa nzima, wamejaza ikaingia kilo 8 na nusu, pampu ikazima yenyewe. Kilo yangu moja na nusu iko wapi?"

Nikamuuliza kama alilipa kilo 10. Hapana, alilipa 8 na nusu. Basi hajaibiwa. Kituo kinauza CNG, yaani gesi asilia iliyoshindiliwa, kwa kilo kwa sababu hiyohiyo ya lumbesa: kilo ni kilo mchana na usiku, Makambako na Mbagala. Zile lita 60 ni ujazo wa chuma, maji yanayoweza kuingia ukiujaza maji. Pampu haihesabu lita za chuma, na inasimama presha ikifika kama bar 200.

Kwa hesabu ya darasani, lita 60 mara 200 ni lita 12,000, yaani mita za ujazo 12, mara 0.7 ni kilo 8.4. Lakini nilisema gesi iliyobanwa sana haifuati mstari. Kwa presha ile chembe za methani zinavutana na gesi inaingia zaidi ya hesabu, hivyo kwenye ubaridi wa nyuzijoto 15 unapata karibu kilo 10. Hizo ndizo kilo za fundi. Dar haina nyuzijoto 15. Kwa nyuzijoto 30 zinaingia kama 9. Na kujaza kwa haraka kunauchemsha mtungi wenyewe, uguse utaona. Ukifika nyuzijoto 45 zinaingia 8 na kidogo, kisha pampu inaona bar 200 na kuzima. Ukiegesha mtungi ukapoa, presha itashuka na geji yako itasoma pungufu ingawa hakuna kilichovuja. Nikamshauri ajaze alfajiri. Alfajiri foleni pia ni fupi.

Swali lake la pili ndilo wanaloniuliza madereva wote: kilo moja ni sawa na lita ngapi za petroli? Injini inatumia joto lile linalobaki, kwa hiyo chukua 49 ya gesi ugawe kwa 32, ambayo ndiyo megajoule za lita moja ya petroli. Unapata 1.5. Kilo moja ya gesi inafanya kazi ya lita moja na nusu. Siku tuliyopiga hesabu hiyo kilo ilikuwa shilingi 1,550, kwa hiyo kazi ya lita moja ya petroli ilimgharimu kama shilingi 1,030. Namba ya petroli wewe iangalie kwenye bei elekezi za EWURA za mwezi huu, halafu linganisha. Na kilo zake 8 na nusu? Ni kama lita 12.7 za petroli. Alinyamaza, akaomba chai.

Gesi ya mtungi wa jikoni ni nyingine

Mtungi wa kilo 6 au 15 wa jikoni hauna gesi ya Mtwara ndani yake. Ile ni LPG, propani na butani zinazotokana na mafuta, inaletwa kwa meli. Ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala sakafuni, wakati methani inapaa. Jiko lililotengenezwa kwa moja halifai kwa nyingine bila fundi kubadilisha matundu ya kutolea gesi, kwa sababu mita moja ya ujazo ya propani ina joto zaidi ya mara mbili ya methani.

Kwa wale wa Mikocheni na Sinza walioungiwa gesi ya bomba na wanataka kujua kama wanaokoa: kilo ya LPG ina joto kama megajoule 49 hadi 50. Kilo 15 ni kama megajoule 740. Gawa kwa 38, ni mita za ujazo 19 na nusu. Kwa hiyo mita yako ya ukutani ikitembea 19 au 20, umemaliza mtungi mmoja mkubwa. Zidisha kwa bei yako ya mita ya ujazo, ulinganishe na bei ya mtungi dukani kwa Mangi.

Bili ya dada

Wenye ndugu Uingereza wataikuta hii. Mita ya nyumbani kwa dada inasoma mita za ujazo, bili inataka kilowati-saa, na katikati kuna namba ya ajabu: 1.02264. Ni hesabu ileile ya presha na joto tuliyoifanya juu, ila kwa nyumba ndogo hakuna anayekuwekea korekta, kwa hiyo serikali imeweka kizidishio kimoja kwa wote, kwa kuchukulia gesi ina nyuzijoto 12.2. Kule gesi ni baridi kuliko makubaliano, ndiyo maana kwenye joto wao wanaongeza pale sisi tunapopunguza. Kisha unazidisha kwa joto la gesi lililoandikwa kwenye bili, huwa karibu na 39.5, na kugawa kwa 3.6 kugeuza megajoule kuwa kilowati-saa. Mita 100 za ujazo: 100 × 1.02264 × 39.5 ÷ 3.6 = 1,122.

Zamani dada alikuwa na mita kuukuu inayosoma futi mia mia, lakini bili ikawa imepigwa kama mita za ujazo, au kinyume chake, sikumbuki vizuri. Angalia uso wa mita: ukiona ft³, zidisha kwanza kwa 2.83 ndipo uendelee. Kosa hilo linakuza au kupunguza bili karibu mara tatu.

Namba za kwenye habari

Zile futi milioni 210 za Madimba, gawa kwa 35.3: karibu mita za ujazo milioni 6 kwa siku. Bomba kubwa la Mtwara hadi Dar es Salaam, lililozinduliwa 2015, lina uwezo wa futi milioni 784 kwa siku, yaani mita milioni 22. Ukitaka megawati, kumbuka hivi: futi milioni moja kwa siku zina joto la megawati-saa 300 hivi; mtambo wa kawaida unageuza theluthi kuwa umeme, ule wa kisasa unaotumia pia joto la moshi unafika nusu. Gawa kwa saa 24, unapata megawati 4 hadi 6 kwa kila futi milioni za siku. Mtambo wa umeme wa Kinyerezi II, wa kisasa wenye megawati 240, basi unahitaji kama futi milioni 40 kila siku ukiwaka kwa nguvu zote.

Futi trilioni 57.54 zinazotajwa kila mara kuwa gesi ya Tanzania ni mita za ujazo trilioni 1.63, na hiyo ni gesi iliyokadiriwa kuwepo chini, si yote itakayotoka. Kwenye mradi wa kusindika gesi wa Likong'o, Lindi, utasikia tani, kwa sababu ikipozwa hadi nyuzijoto 162 chini ya sifuri inakuwa kimiminika na kusinyaa mara 600. Tani milioni moja kwa mwaka ni kama futi milioni 133 kwa siku. Na ukisoma meli imebeba mita za ujazo 170,000, jua ni za kimiminika. Zizidishe kwa 600 kwanza.

Bei za dunia ni nyepesi kuliko zinavyoonekana. Ya Marekani, Henry Hub, iko tayari kwa dola kwa MMBtu. Ya Uingereza ni peni kwa therm: therm 10 ni MMBtu moja, kwa hiyo peni 80 ni pauni 8. Ya Ulaya, TTF, ni euro kwa megawati-saa: gawa kwa 3.412. Euro 35 ni euro 10.26 kwa MMBtu.

Ankara ya mwisho wa mwezi

Ankara ikija sianzi kusoma jumla ya fedha. Najumlisha siku zangu kutoka kwenye kaunta buku, nageuza mpaka MMBtu, halafu nazilinganisha namba mbili. Zikipishana, ukubwa wa tofauti unanitajia kosa kabla sijafungua faili. Tofauti ya mara elfu ni M. Ya mara 35 ni mtu amechanganya mita na futi. Ya robo, kwa presha yetu ya bar 3, ni mtu amesahau kuongeza hewa ya nje kwenye geji. Ya asilimia 10 ni joto lote dhidi ya joto linalobaki. Ya asilimia 5 na nusu ni Nm³ imejipenyeza mahali. Ya asilimia mbili au tatu huwa ni joto halisi la gesi ya mwezi huo, ambalo muuzaji analipima maabara na mimi nimekwama na 1.02 yangu, naomba cheti cha vipimo, narudia hesabu. Chini ya asilimia moja ni geji yangu na macho yangu.

Mwezi uliopita ilikuwa 0.6. Nikatia sahihi, nikampelekea kijana wa uhasibu, naye akaniuliza kama zile futi elfu nimeziandika kwa kirefu.